Barua Taka, na Ayari Wajao Nazo

Katika zama za karatasi, mtu aliyetaka kuwapelekea watu elfu moja tangazo lake hakuwa na budi kununua bahasha elfu moja na stempu elfu moja, na kabla hajafika posta alikuwa amekwisha kujiuliza kama habari yake ilistahili gharama hiyo. Bali mtu wa leo anayetaka kuwapelekea watu milioni moja baruapepe hatoi ila fedha kidogo za intaneti na saa chache za kazi, na akiwapata katika milioni hiyo watu kumi tu wa kumsadiki, amekwisha kula faida. Hapo ndipo ulipo mzizi wa adha yote tunayoilalamikia kila asubuhi tufunguapo vikasha vyetu. Wala si adha ya jana. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Digital Equipment Corporation, alipeleka tangazo moja la kompyuta mpya kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo, na hata mmoja wao hakumwomba. Wengi walighadhibika na wakubwa wa mtandao wakamkemea, lakini yeye mwenyewe akadai baadaye kwamba tangazo lile lilimletea mauzo ya mamilioni ya dola. Kemeo likasahauliwa, faida ikakumbukwa.

Kwa hiyo asiahidiwe msomaji kwamba kuna dawa ya kuzikomesha barua hizi kabisa, kwa kuwa aziandikaye hapungukiwi na kitu. Lililo katika uwezo wetu ni kuzipunguza, na kwa zile zipitazo, kujua namna ya kuzipokea bila kudhurika.

Kuzipunguza huanza na kujua jinsi anuani yetu ilivyotoka mikononi mwetu, na aghalabu tuliitoa wenyewe kwa hiari. Tuliiandika hotelini ili tupate intaneti ya bure. Tukaijaza katika fomu ya bahati nasibu ya duka. Tukaiweka juu ya wasifu wa kuombea kazi uliozunguka ofisi kumi. Au shirika letu liliichapa katika tovuti yake, nako kuna programu zisizo na kazi ila kuzunguka usiku na mchana zikiokota kila chenye alama ya @. Fauka ya hayo, ziko anuani zilizoibwa kwa mafungu makubwa kutoka katika hazina za makampuni yaliyodharau ulinzi. Mwaka 2013 Mwaustralia aitwaye Troy Hunt aliianzisha tovuti ya Have I Been Pwned, ambayo mtu huandika humo anuani yake, bila malipo, akaonyeshwa imo katika wizi upi kati ya ule uliokwisha kujulikana. Nawashauri wote wafanye hivyo leo, nao wasistaajabu wakijikuta wamo. Muhimu ni kwamba nywila waliyoitumia mahali palipoibwa isitumike tena mahali popote.

Anuani ikiisha kuenea hairudi, lakini hakuna aliyetuamuru tuwe na moja. Busara ni kuwa nazo mbili kwa uchache: ya kwanza ni ya benki, kazi, serikali na jamaa, wala haiandikwi katika fomu ya duka hata mwenye duka akiomba kwa bashasha namna gani, ya pili ni ya masoko, mashindano na kila kisichokuwa na uzito, nayo mtu huifungua apendapo. Wenye Gmail wanayo na hila nyingine halali, ambayo wachache huitumia: ukiandika jinalako+duka@gmail.com, barua itafika kwako vile vile kama kwamba alama ya kujumlisha na neno lililoifuata havikuwapo, na siku utakapoona matangazo ya dawa za nguvu yanakuja kwa anuani hiyo, utajua ni duka gani lililokuuza, kisha utaweka amri moja ya kuzipeleka zote katika taka.

Sasa tuje kwenye neno “Jiondoe”, ambalo huwekwa chini kabisa ya barua za matangazo kwa maandishi madogo, na ambalo watu wamelielewa kwa makosa ya namna mbili. Wako wasiolibofya kamwe, wakidhani kila lifanywalo na wafanyabiashara ni mtego, nao huendelea kuteseka kwa barua ambazo zingekoma kwa kubofya mara moja. Na wako walibofyao popote walionapo, hata katika barua ya mtu wasiyemjua asili wala fasili. Kanuni yangu ni nyepesi. Ikiwa mpelekaji ni mtu uliyepata kufanya naye biashara, kama shirika la ndege, duka au gazeti, jiondoe bila kusita, kwa kuwa tangu mwaka 2024 Google na Yahoo zimewalazimisha wapelekao barua nyingi za matangazo kuweka njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na mkaidi barua zake huhesabiwa taka. Lakini ikiwa humjui, usibofye wala usimjibu, hata kwa matusi aliyoyastahili, maana jibu la namna yoyote humpa habari aliyokuwa akiitafuta, kwamba anuani ile ina mtu hai anayesoma. Na anuani yenye mtu huuzwa kwa bei kubwa kuliko ile isiyojulikana hali yake. Habari hiyo hiyo huipata kwa picha zilizotiwa ndani ya barua, nyingine ndogo kiasi cha nukta isiyoonekana kwa jicho, ambazo zikifunguka hupeleka ujumbe kwa aliyeziweka. Dawa yake imo katika mipangilio ya baruapepe: chagua picha zisifunguke mpaka uombwe idhini.

Kosa jingine la watu wengi ni kufuta. Barua taka ikifutwa imeondoka hiyo moja tu. Ikiripotiwa kuwa ni taka, mashine imejifunza. Mwaka 2002 mtaalamu wa kompyuta Paul Graham aliandika makala iliyoeleza jinsi ya kuifundisha kompyuta kutambua taka kwa kuhesabu: kila neno hupewa uzito kwa kadiri linavyoonekana katika barua mbaya na katika barua njema, kisha jumla ya uzito huo ikaamua hukumu. Njia za leo zimekwenda mbali zaidi, lakini bado hutegemea ushahidi wa wasomaji, na ndiyo maana si insafu kuripoti kuwa ni taka barua ya mwenye duka uliyeomba mwenyewe akuandikie, kwa sababu umechoka naye. Huyo jiondoe kwake. Tena mashine hukosea. Barua ya kumwita kijana kwenye usaili wa kazi huweza kuangukia katika folda ya taka na kulala humo hadi siku ya usaili imepita, basi anayengoja jambo la maana na aipitie folda ile kila baada ya siku mbili tatu, akisoma vichwa vya barua tu, bila kufungua.

Hayo ni ya barua za kuudhi. Barua za kuibia ni jambo jingine, ingawa hupita mlango ule ule, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo.

Ulaghai wa kuomba fedha kidogo kwa ahadi ya fedha nyingi ulikuwako tangu enzi za kalamu na wino, pale matajiri wa Ulaya walipoandikiwa habari za bwana mkubwa aliyefungwa Hispania, ambaye akitolewa gerezani angemlipa mwokozi wake maradufu. Baadaye mfungwa akawa mjane wa jenerali, na Hispania ikawa Nigeria, ambako kifungu cha 419 cha kanuni ya adhabu kimeupa wizi huo jina lake ulimwenguni kote. Sisi nasi tunao wa kwetu. Hakuna mwenye simu Tanzania asiyepata kusoma “ile hela tuma kwenye namba hii”, ujumbe mfupi usio na salamu, ambao nguvu yake yote ni kutumaini kwamba kati ya watu elfu watakaoupata yuko mmoja ambaye kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Yapo mazoea ya kumcheka aliyeibiwa na kusema ameponzwa na tamaa. Mimi sikubaliani nayo. Wengi walioingia katika mitego hii hawakutamani cha mtu. Waliogopa kufungiwa akaunti, au waliona haya kumchelewesha mkubwa wao wa kazi, au walikuwa wakilipa deni la haki, na ayari akajipenyeza kati yao na mdai wao.

Jambo la kwanza la kukaza moyoni ni kwamba jina linaloonekana juu ya baruapepe si ushahidi wa kitu chochote. Ni kama jina liandikwalo nyuma ya bahasha: yeyote mwenye kalamu aweza kuandika la gavana. Katika simu ya mkononi hatari huzidi, kwa sababu kioo ni kidogo na programu huonyesha jina peke yake, ikaificha anuani. Basi liguswe jina mpaka anuani yote ionekane, na kiungo kilichomo ndani ya barua kishikiliwe kwa kidole, bila kubofywa, mpaka kionyeshe kiendako. Kisha anuani ya tovuti isomwe kuanzia kulia kwenda kushoto, kama tusomavyo Kiarabu, ikianzia kwenye mkwaju wa kwanza ufuatao jina la tovuti. Mfano wa karibu ni bahati nasibu ya viza za Marekani, ile ya Green Card, ambayo vijana wengi wa Kenya na Tanzania wamekuwa wakiiomba kwa miaka mingi. Tovuti yake ya kweli ni dvprogram.state.gov, ukisoma kutoka kulia unakuta .gov, yaani serikali ya Marekani, kisha state, yaani wizara yake ya mambo ya nje. Ayari atakuletea kitu kama state.gov.viza-bahati.com, na asiyejua kusoma ataona state.gov mwanzoni akatulia, kumbe mwenye nyumba ni yule wa kulia, viza-bahati.com, na hayo ya kushoto ni mapambo ya mlangoni. Tena wizara ile haimpelekei mtu baruapepe ya kumbashiria kwamba ameshinda. Mwombaji mwenyewe ndiye aingiaye katika tovuti na namba yake ya uthibitisho akaangalia matokeo. Basi barua ya pongezi inayodai ada ipelekwe kwa Western Union haina haja ya kuchunguzwa zaidi. Ijulikane pia kwamba bahati nasibu hii ni kongwe katika historia ya taka: Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, waliyajaza maelfu ya mabaraza ya mazungumzo ya mtandao wa Usenet kwa tangazo la huduma zao za kuijaza fomu yake, na ghadhabu iliyozuka ndiyo iliyowafanya watu wengi watambue kwamba adha hii imekuja kukaa.

Lakini barua ya viza huogopwa na wengi. Inayoangusha hata watu makini ni barua ya biashara, na hapa pwani yetu mfano wake ni ununuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Biashara hiyo, ishushayo magari katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wasiopata kuonana: mnunuzi huchagua gari kwa picha, muuzaji humpelekea kwa baruapepe profoma, yaani ankara ya awali, yenye namba ya chasisi, bei ya gari na nauli ya meli, na chini yake jina la benki na namba ya akaunti, mnunuzi huenda benki akapeleka fedha kwa TT, yaani kutoka benki hadi benki, kisha akangoja hati za meli. Ayari hodari hana haja ya kubuni kampuni wala gari. Huingia katika baruapepe ya mmoja wao kwa nywila iliyoibwa mahali pengine, wala haharibu kitu, wala hafuti kitu, wala haandiki neno; huweka amri moja tu katika mipangilio, kwamba kila barua itajayo ankara au malipo impelekee nakala. Husoma kwa wiki nyingi, akajua gari ni la aina gani, bei ilivyopatanwa, na hata jinsi muuzaji anavyomsalimu mteja wake. Siku ankara ya kweli itakapotoka, huileta ya pili saa chache baadaye, yenye nembo ile ile, chasisi ile ile na bei ile ile, pamoja na maneno ya upole: akaunti yetu ya zamani imo katika ukaguzi wa hesabu, tafadhali lipa kwa hii mpya, na ikiwezekana leo, ili gari lipate nafasi katika meli ya wiki hii.

Mnunuzi analipa. Wiki mbili baadaye muuzaji wa kweli anamwandikia kumuuliza mbona kimya.

Ukiirudia barua ile kwa utulivu utaona alama zake. Muuzaji yuko Yokohama, na benki ya akaunti mpya iko nchi nyingine kabisa. Au jina la mwenye akaunti ni la mtu binafsi, si la kampuni. Au katika anuani, herufi r na n zimesongamana zikaonekana m. Lakini nasema kweli, alama hizi huonekana vizuri baada ya msiba, na safari nyingine barua ya uongo hutoka katika anuani halisi ya muuzaji, kwa kuwa mwizi anao ufunguo wake, isiwe na kasoro hata moja. Kwa hiyo simshauri mtu autegemee ukali wa macho yake. Namshauri ashike kanuni isiyohitaji macho: namba ya akaunti ikibadilika, au ikiwa ndiyo mara ya kwanza kulipa, malipo hayafanyiki mpaka muuzaji apigiwe simu na asomewe namba ile tarakimu kwa tarakimu, na simu yenyewe ipigwe kwa namba iliyojulikana kabla, si ile iliyokuja katika barua ya mabadiliko. Barua haiwezi kujitolea ushahidi. Ushahidi wake utafutwe kwa njia nyingine isiyopitia kwake. Muuzaji mwaminifu hataudhika kwa simu hiyo, na anayeudhika amekwisha kusema alichokuwa akikificha.

Wala mtu asidhani kwamba hadaa hii ni ya kuwapata wafanyabiashara wadogo. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, aliandikisha kampuni yenye jina la kiwanda cha Taiwan, Quanta Computer, kilichokuwa kikifanya biashara na Google na Facebook, akayapelekea makampuni hayo mawili ankara za uongo, nayo yakalipa zaidi ya dola milioni 100 kabla ya kushtuka. Mwaka 2019 mahakama ya New York ikamhukumu kifungo cha miaka mitano. Ikiwa wenye kuunda mashine za kuchuja barua za ulimwengu wamelipa ankara ya uongo, mwenye duka la vipuri Kariakoo asione haya kupiga simu.

Kwa kuwa mlango wa ayari huyu ni nywila, mlango huo na ufungwe kwa makufuli mawili. Kila baruapepe kubwa ina uthibitishaji wa hatua mbili, ambao baada ya nywila hudai namba ya muda kutoka kwenye simu ya mwenyewe. Uwashwe leo, kwanza katika baruapepe kabla ya kitu kingine, kwa sababu mwenye kuishika baruapepe yako aweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine zote. Namba ile ya muda, nje ya ukurasa wa kuingilia ulioufungua mwenyewe, haiombwi na benki, wala na kampuni ya simu, wala na Google. Anayeiomba ni mwizi, hata akijua jina lako kamili. Na mara moja kwa muda fulani fungua mipangilio, utazame kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua kwa anuani usiyoijua.

Viambatisho navyo vina historia yao. Tarehe 4 Mei 2000 watu wa mabara yote walipokea barua yenye kichwa “ILOVEYOU”, iliyotoka kwa watu wanaowafahamu, nayo ilikuwa na faili lililojionyesha kuwa ni maandishi tu, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, kwa kuwa Windows ilikuwa ikificha herufi tatu za mwisho, vbs, zilizoonyesha kwamba ni programu. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa; kijana wa Manila aliyeitunga hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa hilo. Funzo lake ni moja nalo halijazeeka: faili usilolitazamia, hata likitoka kwa shangazi, huulizwa kwa simu kwanza.

Zamani tulikuwa tukiwaambia watu waitambue barua ya uongo kwa lugha yake mbovu, na Kiswahili cha ayari wa ng'ambo kilikuwa kichekesho cha kusomwa barazani. Ushauri huo umekufa. Programu za akili mnemba sasa huandika Kiswahili kilichonyooka, chenye shikamoo na taadhima zake, na barua ya kazi ya uongo huweza kuwa na adabu kuliko barua ya kweli ya ofisi. Kwa hiyo lipimwe ombi, isipimwe lugha: je, barua inataka fedha, nywila, au picha ya kitambulisho, nayo inataka sasa hivi? Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Barua ya “UN” idaiyo malipo ya usaili au ya mafunzo ni ya wizi hata ikiwa na mhuri mzuri namna gani.

Sheria zipo. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya inayo ya 2018 ya makosa ya mitandao na ya 2019 ya kulinda data. Kwa maoni yangu zina faida zaidi dhidi ya mfanyabiashara wa hapa anayekusanya anuani za wateja na kuzigawa bila idhini, ambaye ana ofisi na leseni ya kupoteza, kuliko dhidi ya mwizi aliye mbali.

Aliyekwisha kuibiwa asingoje sheria. Aende benki saa ile ile, si kesho, aombe fedha zizuiwe na zirudishwe, kwa kuwa fedha zilizopelekwa ng'ambo huweza kukaa siku moja mbili kabla hazijachotwa, abadili nywila, atoe taarifa polisi, na asifute barua hata moja, kwa kuwa ndani yake mna maelezo yaliyofichika ya njia zilizopitia, yenye manufaa kwa wapelelezi. Awaambie na jamaa zake, hasa wazee, bila kuona aibu, maana anayenyamaza humwachia mwizi nafasi ya kumwandikia ndugu yake. Na baada ya wiki chache asishangae akipata barua ya mtu ajiitaye mpelelezi au wakili wa kimataifa, anayejua kiasi hasa kilichoibwa, anayeahidi kukirudisha chote kwa ada ndogo ya kutangulia. Aghalabu ni mwizi yule yule, au amenunua orodha kwake. Barua yake iwekwe pamoja na zile za kwanza, ipelekwe polisi, wala asijibiwe.